Hostia za mfuko, masikio ya Kristo na bia iliyolaaniwa

Katika maduka ya vyakula jimboni Québec, kule Kanada, rafu ya vitafunwa huwa na mfuko ambao Mkatoliki wa Moshi au Bukavu akiuona lazima asimame. Ni mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo: vipande vyeupe, vyembamba kama karatasi, vyenye matundu ya duara. Lebo inasema retailles d'hosties, yaani mabaki ya hostia. Ni hostia hiyohiyo ya komunyo unayoifikiria, au tuseme ni kile kilichosalia baada ya hostia kukatwa. Watu hununua, hukaa mbele ya televisheni, hutafuna.

Sasa, hostie ni mojawapo ya matusi yanayotoka sana midomoni mwa watu wa jimbo hilo. Kifaransa hakitamki h, kwa hiyo hostia ya kwenye lebo na tusi la fundi aliyejigonga kidole kwa nyundo ni sauti moja: osti. Tathmini ya mfuko huu basi haiwezi kuishia kwenye ladha. Mnunuzi anahitaji kujua pia aulizeje dukani, na aulizeje asije akaulizia tusi. Tumeuweka meza moja na bidhaa nyingine mbili zenye tabia hiyo: oreilles de crisse, mafuta ya nguruwe ya kukaanga yanayoitwa masikio ya Kristo, na Maudite, bia ambayo jina lake ni Iliyolaaniwa.

Mfuko wenyewe

Kilichomo ni unga wa ngano na maji, basi. Hakuna chumvi, sukari, hamira wala mafuta. Huu si uchoyo wa kiwanda. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, inataka mkate wa misa uwe wa ngano tupu na uwe umetengenezwa karibuni, na mabaki yanatoka kwenye mkate huohuo. Uji mwepesi humiminwa kati ya mabamba mawili ya chuma yenye moto, yakabanwa, maji yakatoka kwa mvuke, ikabaki karatasi nyeupe yenye unene wa takriban milimita moja. Ikiwa kavu namna hiyo haikatiki. Ukiigusa kwa kikatio inapasuka kama kigae. Kwa hiyo huwekwa kwanza kwenye chumba chenye unyevu hadi ilainike kidogo, ndipo kikatio cha duara kinapopita. Unyevu ukipungua, hostia zinatoka na kingo zilizomeguka. Ukizidi, zinajikunja zikikauka.

Ukitaka kujua mashine ilivyopanga miduara, tazama vipande vilivyomo mfukoni. Kipande chenye ncha nne na pande zilizobonyea ndani, kama almasi ya karata iliyokonda, kinatoka kwenye karatasi iliyokatwa safu kwa safu, kama mayai yanavyokaa kwenye trei. Kipande chenye ncha tatu kinatoka kwenye mpangilio wa sega la nyuki. Tofauti si ya urembo. Katika mpangilio wa trei, hata miduara ikigusana, asilimia 21.5 ya karatasi inabaki nje ya miduara. Katika mpangilio wa sega ni asilimia 9.3 tu. Kiwandani nafasi huachwa kati ya duara na duara, kwa hiyo mabaki halisi yanazidi hapo. Ndiyo sababu biashara hii ipo: kila mwenye kukata hostia ana rundo la vipande safi asilolihitaji. Enzi za masista kuoka hostia kwenye nyumba zao, watoto wa jirani ndio waliolifaidi rundo hilo.

Swali la Wakatoliki wengi: je, si kufuru? Hapana. Mkate unageuzwa wakati wa misa, na padre, juu ya altare. Mabaki haya hayajawahi kuifikia altare. Yalitengwa na hostia mbele ya kikatio, kiwandani. Kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe ni mkate mkavu usio na chachu, hauna tofauti na koni ya aiskrimu ila kwa kukosa sukari na mafuta.

Na koni ndiyo ladha ya karibu kuliko zote. Kipande kinalia kidogo kwenye meno, kisha kinayeyuka, kisha kinaganda kwenye kaakaa, na hapo ndipo kasoro ya kwanza. Ukila vipande kumi mfululizo bila kinywaji, ulimi unaanza kazi ya kubandua. Kasoro ya pili ni chenga: chini ya kila mfuko mna unga na vijipande visivyoshikika, hasa kama mfuko umebebwa chini ya bidhaa nzito. Ya tatu ni kwamba unanunua hewa nyingi. Vipande vina matundu, havipangiki, kwa hiyo mfuko mkubwa ni mwepesi mkononi.

Vikiliwa vitupu vinachosha. Vinaamka vikipata kitu chenye chumvi au mafuta. Yeyusha vijiko viwili vya siagi kwa bakuli kubwa la vipande, nyunyiza polepole huku ukigeuza kwa mikono, kisha chumvi kidogo. Usimwage siagi mahali pamoja, maana kipande kinachopata tone kubwa kinalegea papo hapo na kujikunja kama karatasi iliyolowa. Chokoleti iliyoyeyushwa inakaa vizuri zaidi kwa sababu inaganda. Chovya nusu ya kipande, weka juu ya karatasi ya kuokea, subiri. Shira ya mepo, ule mti wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada, ni tamu lakini ni maji, na kipande kinayeyuka kabla hakijafika mdomoni. Tumia siagi ya mepo, ambayo ni shira iliyochemshwa na kukorogwa hadi ikawa nzito ya kupaka.

Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Mfuko ukiachwa wazi jikoni siku yenye mvuke, kesho utatafuna kadibodi. Dawa yake ni dakika tatu hadi tano kwenye oveni ya nyuzi 100. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye mwili wake haupatani na gluteni, protini ya ngano, asiguse. Mwaka 2003 Roma ilieleza tena kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa misa, kwa hiyo mabaki ya hostia halali yana gluteni siku zote.

Kwenye kaunta

Muulize mhudumu "Avez-vous des retailles d'hosties?" na hakuna atakayegeuka. Umeulizia mabaki ya hostia. Sasa geuza maneno mawili tu: "Avez-vous des osties de retailles?" Sauti ni zilezile, hujaongeza wala hujapunguza kitu, lakini sasa umeuliza kama wana yale mabaki mabaya yaliyolaaniwa. Neno hostie likija nyuma, baada ya de, ni kitu cha kanisani. Likija mbele ya de, ni tusi, na kazi yake ni kukoleza neno linalofuata.

Kanuni hiyo ukiishika umeelewa nusu ya matusi ya Québec. Wenyewe huyaita sacres, kutokana na kitenzi sacrer, ambacho asili yake ni kuweka wakfu na huko kina maana pia ya kutukana. Neno linalokaa mbele halina lazima liwe la hasira. Une ostie de belle journée ni siku nzuri ajabu, na une ostie de bonne retaille ni sifa kwa mfuko wako. Tusi limekuwa kipaza sauti. Ubaya au uzuri unaletwa na neno lililo nyuma yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili hapa pana kikwazo. Sisi tukisikia dini ndani ya neno kali tunafikiri kiapo: wallahi, haki ya Mungu, naapa kwa Bikira. Tusi kwetu ni la nguoni, linaenda kwa mama wa mtu na kwenye viungo vya mwili. Ufaransa nako ni hivyo, matusi yao ya kila siku ni ya ukahaba na kinyesi. Québec wana hayo pia, lakini hayana nguvu. Mwenye hasira ya kweli hukimbilia altare: tabarnak ni tabernakulo, câlice ni kalisi, kikombe cha divai ya misa, ciboire ni siborio, chombo cha kuwekea hostia, crisse ni Kristo, viarge ni Bikira, calvaire ni Kalvari, baptême ni ubatizo. Ni orodha ya vyombo vya sakristia, karibu kila kitu ambacho mtoto mtumishi wa altare anakifuta vumbi Jumamosi. Ukipenda, yaite matusi ya madhabahuni.

Jinsi vyombo hivyo vilivyotoka kanisani na kuingia mtaani inaeleweka ukijua ukubwa wa Kanisa maishani mwa watu wale. Baada ya uasi wa 1837 na 1838 kushindwa, Waingereza walibaki na serikali na uchumi, na Wafaransa wa Kanada wakabaki na Kanisa. Chini ya maaskofu kama Ignace Bourget, aliyeongoza Montréal kuanzia 1840 hadi 1876, Kanisa lilishika shule, hospitali, yatima, vitabu vya kuandikisha vizazi na vifo. Mtu alizaliwa mikononi mwa sista, akafundishwa na bruda, akazikwa na padre, na katikati aliulizwa kitubioni kwa nini mwaka huu nyumbani hakuna mtoto mchanga. Mamlaka ya namna hiyo hutukanwa na walio mbali nayo kidogo. Wakata magogo, waliokaa msituni majira yote ya baridi bila mke na bila padre, ndio wanaosifika kwa kuukuza ufundi huu. Tusi la kinyesi halikuwa na hatari yoyote. Kulitaja tabernakulo bure kulikuwa dhambi ya kuungama, na utamu ulikuwa humo.

Halafu, kuanzia 1960, yakaja Mapinduzi ya Kimya. Serikali ya jimbo chini ya Jean Lesage ilichukua hospitali na shule, Wizara ya Elimu ikaundwa 1964, na makanisa yakaanza kubaki matupu katika kipindi cha kizazi kimoja. Ungetarajia matusi nayo yafifie. Hayakufifia. Leo kijana wa Montréal ambaye hajawahi kupokea komunyo anasema tabarnak mara kumi kabla ya chakula cha mchana, na ukimwuliza tabernakulo ni nini huenda akashindwa kukuambia kwamba ni kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi. Mwaka 2006 jimbo kuu la Montréal lilijaribu kulichezea jambo hilo katika kampeni yake ya michango. Lilibandika mabango makubwa yenye neno mojamoja la namna hiyo, na chini yake maana yake halisi kama ilivyo kwenye kamusi. Wazo zuri kuliko mahubiri mengi, kwa maoni yetu.

Masikio

Asiyekula nguruwe wala kunywa pombe anaweza kusoma kuanzia hapa kwa ajili ya maneno tu.

Oreilles de crisse huliwa kwenye cabane à sucre, vibanda vya msituni vinavyofunguliwa mwezi Machi na Aprili, utomvu wa mepo unapoanza kupanda. Meza ni ndefu, wageni wasiojuana hukaa pamoja, na vyakula huletwa kwa mabakuli: supu ya njegere, maharage, nyama ya paja, mayai, chapati za maji. Shira humiminwa juu ya vyote. Inahitaji takriban lita 40 za utomvu kupata lita moja ya shira, lakini mezani hakuna anayeimimina kwa kuhesabu.

Masikio yenyewe ni vipande vya mafuta ya nguruwe yaliyohifadhiwa kwa chumvi, vikakaangwa hadi kukauka. Kinachovipa umbo la sikio ni ngozi. Kwenye moto ngozi inajikaza kuliko mafuta iliyoshikana nayo, kwa hiyo kipande kinapinda na kujikunja upande mmoja. Ukinunua mafuta yaliyoondolewa ngozi utapata vijiti vilivyonyooka, vitamu pengine, lakini si masikio.

Kwa watu wanne hadi sita, nusu kilo inatosha. Kata vipande vyenye unene wa milimita 4 hivi, kila kimoja kikiwa na ukingo wa ngozi. Chemsha kwenye maji mengi dakika 10 hadi 15, mwaga maji, onja kipande. Kama chumvi bado inauma, rudia kwa maji mapya. Kosa la kawaida ni kuruka hatua hii kwa imani kwamba shira itafunika chumvi. Haifuniki. Kisha kausha kwa kitambaa, kausha tena, maana tone la maji kwenye mafuta ya moto linaruka usoni. Kaanga kidogokidogo kwa moto wa wastani, dakika 8 hadi 10, hadi rangi iwe ya dhahabu na mlio wa sufuria upungue. Mlio ukipungua ujue maji yamekwisha ndani ya kipande. Ukijaza sufuria, joto linashuka na unapata mafuta yaliyochemka, malaini na ya kukinaisha. Ngozi nene kupita kiasi inageuka jiwe. Ichanje kwa kisu kabla ya kukaanga.

Yakitoka vizuri ni kitafunwa cha hatari: chumvi, mafuta, mlio, halafu utamu wa shira. Vipande vinne vinatosha mtu mwenye akili. Ubaya wake ni kwamba havingoji. Baada ya robo saa mezani mafuta yanaganda, na sikio linakuwa la mpira. Vibanda vinavyokaanga mapema na kuweka kwenye sahani ya moto vinakosea hapa, na utaonja tofauti.

Sasa tazama jina. Kwenye menyu wameandika crisse, si Christ. Hii si tahajia ya Biblia, ni tahajia ya tusi, na imeandikwa mahali ambapo bibi anaketi na wajukuu. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu crisse limekaa nyuma ya de, limelala. Liamshe kwa kuligeuza, crisse d'oreilles, na sasa unalalamika kuhusu masikio.

Neno hili pia ndilo lililozaa vitenzi vingi. Crisser ni kutupa au kubwaga kitu kwa nguvu. Crisser son camp ni kuondoka kwa hasira. Je m'en crisse ni "sijali hata kidogo". Ongeza dé- mbele: décrisse! ni "toka hapa", na gari décrissée ni gari lililochakaa, limebaki kusukumwa. Ongeza -ment nyuma: crissement bon, tamu mno. Câlice nayo inafanya vivyo hivyo. Aliyezoea kulichukua funga akapata fungua, fungisha na fungika atajisikia nyumbani. Tabarnak ni mzito zaidi na haupindiki kirahisi hivyo. Wenyewe huuweka baada ya en: être en tabarnak ni kuwa umekasirika kabisa, na ukimwona mtu amefika hapo mwache apite.

Na yanaungana. De moja baada ya nyingine, kama uzi wa shanga: crisse de câlice d'ostie de tabarnak. Mfululizo wa namna hii wenyewe huuita chapelet, rozari. Hapa kizito kimewekwa mwisho, kama unavyosikia, ili pumzi iishie kwenye ile k. 

Bia

Maudite inapikwa na Unibroue, mjini Chambly, karibu na Montréal, tangu 1992. Ina asilimia 8 ya kilevi, rangi ya mahogani, na inachachuka mara ya pili ndani ya chupa, kwa hiyo ina tope la hamira chini. Harufu yake ni ya viungo, giligilani ikitangulia, na nyuma yake utamu wa sukari iliyoungua kidogo. Haijifichi kwamba ni kali, lakini inateremka kirahisi kuliko namba yake, na hiyo si sifa njema kwa mtu aliyekuja na gari.

Makosa ya kuinywa ni mawili. La kwanza ni kuigandisha. Ikiwa baridi ya barafu inabaki tamu na chungu tu, viungo vyote vimelala. Itoe kwenye jokofu dakika 20 kabla. La pili ni tope. Ukimimina chupa yote kwa mkupuo, nusu ya pili ya glasi inakuwa na ukungu na ladha ya mkate mbichi. Mimina polepole glasi ikiwa imeinama, acha kiasi cha kidole kimoja kwenye chupa, onja, kisha amua kama unataka kukitikisa na kukiongeza. Wapo wanaokipenda. Kwa masikio ya kukaanga hapo juu ndiyo mwenzake halisi, kwa sababu gesi na viungo vinayakata yale mafuta. Kwa mabaki ya hostia haifai, inavimeza vipande vizima na mdomoni hakibaki kitu. (Kiwanda hichohicho kina dada yake wa asilimia 9 aitwaye La Fin du Monde, Mwisho wa Dunia. Hawa watu na majina.)

Picha ya kwenye lebo ni mtumbwi unaoruka angani. Ni chasse-galerie, hadithi ambayo kila mtoto wa Québec anaijua. Wakata magogo wamekwama kambini mkesha wa mwaka mpya, wapenzi wao wako mbali. Wanafanya mkataba na Shetani: mtumbwi utapaa na kuwapeleka usiku huohuo, lakini njiani wasitaje jina la Mungu wala wasiguse msalaba wa mnara wa kanisa lolote, la sivyo roho zao zimekwenda. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, wakirudi yule anayeshika usukani amelewa na ameanza kutukana. Wenzake wanamfunga kamba na kumziba mdomo. Ukilifikiria kwa makini, ni sharti gumu kweli kwa watu hawa. Mkata magogo aliyekatazwa jina la Mungu na vya kanisani amebaki na tusi gani la kutumia?

Maudit, laana yenyewe, ni ngazi ya chini kabisa kwa uzito, karibu haihesabiwi. Kanuni ni ileile. Une Maudite ni chupa mezani. Maudite bière ni bia ya ovyo. Maudite bonne bière ni bia nzuri sana. Ukimwomba mhudumu "une maudite bière" kwa lafudhi ya mgeni, atajiuliza unaagiza au unalalamika, na mara nyingi ataileta hata hivyo.

Kabla hujalitoa mdomoni

Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wanaofika Montréal, Gatineau au Sherbrooke wanakuja na Kifaransa kizuri cha shule, na hicho ndicho kinachowaponza. Wanasema tabernacle, silabi zote, kama katika katekisimu. Tusi halitamkwi hivyo. E iliyo kabla ya r inafunguka ikawa a, kama marde (merde, kinyesi) na viarge (vierge, bikira), na ile -cle ya mwisho inakatika ikabaki k: tabarnak. Câlice inataka a ndefu ya nyuma ya koo. Ukilitamka kwa usafi wa Paris, hujatukana na hujasali, umefanya kichekesho.

Ushauri wetu kwa mgeni ni kuanza na matusi mepesi kwanza. Yapo, yametengenezwa kwa ajili hiyo: tabarnouche na tabarouette mahali pa tabarnak, câline mahali pa câlice, cibole mahali pa ciboire, mautadit mahali pa maudit. Yanaanza kama tusi, yanakwepa kona dakika ya mwisho. Kazini kwa bosi hayo yanatosha. Tabarnak lenyewe liachie wenyeji mpaka uwasikie wakilitumia kwako kwa upendo. Usidhani pia kwamba neno la Kiingereza linaloanza kwa f litakuwa zito zaidi. Mwaka 2017 baraza la viwango vya utangazaji la Kanada liliamua kwamba neno hilo likisemwa ndani ya kipindi cha Kifaransa halina uzito lililo nao kwenye Kiingereza. Na ukienda Mexico likizo usishangae ukisikia wenyeji wakiwaita watalii wa Québec los tabarnacos. Wamewasikiliza ufukweni miaka mingi.

Parokia kadhaa za Québec sasa zinahudumiwa na mapadre waliotoka Afrika. Wao hawana taabu na tabernacle wala calice, kwa sababu wanayatamka kama yalivyoandikwa, na waumini wanasikia chombo, si tusi. Hostie haina matamshi mawili. L'hostie consacrée inasikika sawasawa na mwanzo wa tusi, na kanisa zima linatulia kungoja neno linalofuata. Kikifuata consacrée, wamepona. Ikifuata de, padre ana la kueleza.